Mwanamuziki Asiye na Mikono

Iko desturi moja ya majalada ya magazeti ya muziki ambayo sisi tukaao Ufipa tumeizoea mno hata hatuioni tena, nayo ni kumwonyesha mwanamuziki uso tu. Jina la gazeti huandikwa juu kwa herufi kubwa. Kichwa cha msanii hufunika herufi moja au mbili za jina hilo. Macho yake humkazia mnunuzi. Na ubavuni hupangwa maneno ya kunadi, nani kaachana na nani, nani kanunua gari gani. Gitaa halimo. Ngoma haimo. Mikono, ikiwamo, imeshika miwani au mkufu. Twasema kwamba desturi hiyo yaupotosha muziki, wala haifai kubandikwa katika kuta za mabweni yetu kana kwamba ndiyo sura ya sanaa.

Na tuitazame asili yake. Melody Maker, lililoanzishwa London mwaka 1926, lilikuwa gazeti la wapigaji hasa, lenye matangazo ya vyombo na ya watu watafutao kazi katika bendi. Lakini tarehe 9 Novemba 1967 lilipotoka toleo la kwanza la Rolling Stone huko Marekani, juu yake palikuwa na picha ya John Lennon. Je, alishika gitaa? La hasha! Alivaa kofia ya chuma ya askari, kwa kuwa picha ilitoka katika filamu aliyoigiza. Gazeti la muziki likazaliwa na mwanamuziki asiyepiga kitu.

Sababu ya uso kutawala haikuwa sanaa, ilikuwa rafu ya muuzaji. Katika miji ya Ulaya na Marekani magazeti hupangwa yakilaliana, ikaonekana sehemu ya juu tu. Basi jina likapanda juu, na macho ya mtu yakawekwa chini yake, maana macho humsimamisha mpita njia upesi kuliko tarumbeta. Hiyo ni hekima ya duka, nasi hatumlaumu mwenye duka. Lakini mjini Sumbawanga gazeti lilitandazwa juu ya gunia au kubanwa kwenye kamba kwa kibanio, likaonekana lote, kisha likapita mikono kumi hata jalada likang'oka. Siku hizi kijana hufungua wimbo katika simu, akaona kijipicha cha pembe nne. Hakuna rafu humo, na bado ni uso ule ule!

Wala si kwamba hatukuwa na njia yetu. Katika miaka ya 1960 na 1970 muziki wa dansi ulijulikana kwa majina ya bendi: NUTA Jazz, Morogoro Jazz, Mlimani Park. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam; santuri zilifyatuliwa Nairobi, na nyingi katika zile ndogo zilivikwa bahasha ya karatasi isiyo na picha. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, alipendwa na watu wengi mno ambao hawakupata kuiona sura yake. Walimjua kwa gitaa lake. Na bendi zilipopigwa picha, wapigaji walijipanga kwa sare, vyombo mbele yao. Wamekakamaa kidogo, tunakiri, lakini kila mmoja amehesabiwa.

Tutajibiwa kwamba uso ndio unaouza. Unauza nini? Hapa Ufipa yangali yamesimama matanuru marefu ya udongo, malungu, ambamo wazee waliyeyusha chuma. Hakuna Mfipa ambaye angemchora mhunzi bila nyundo wala mivuo, akamwacha anatabasamu tu. Lakini mwanafunzi wa kidato cha pili kutoka Nkasi au Kalambo, ukimwuliza kama kijijini kwao yupo mwanamuziki, hujibu hayupo. Ukimtaja bibi yake anayeongoza nyimbo arusini, naye hupokewa na umati mzima, atasema: "Bibi huimba tu." Huimba tu! Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni kwa sababu tulikuwa tumefundishwa kuzionea haya ngoma zetu. Wakati ule alihitajika mkoloni kutufundisha. Leo jalada latosha.

Shule nyingi zina magazeti ya ukutani. Walimu na waanzie hapo. Mwanafunzi anayechora jalada la muziki na aambiwe asogee nyuma hatua tatu, hata aione mikono, ngozi ya ngoma, na waitikiaji walio nyuma ya mwimbaji. Uso na uwepo, hatuupigi vita. Jina la mpigaji liandikwe kamili pamoja na la kijiji chake, kwa herufi zisizo ndogo kuliko zile za jina la gazeti.