Kilwa Kisiwani: Utalii wa Mji Mkongwe na Hatima ya Kuta Zake

Kilwa Kisiwani imerejea katika mazungumzo ya umma kutokana na meli za kitalii kutoka nje ya nchi ambazo katika miaka ya karibuni zimekuwa zikitia nanga mbele ya kisiwa hicho cha Mkoa wa Lindi. Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), inayosimamia magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, imekuwa ikiutangazia umma ujio wa wageni hao. Ni taarifa za kutia moyo. Hata hivyo, hesabu ya abiria wanaoshuka melini haielezi peke yake iwapo mji huo unanufaika, wala iwapo kuta zake zitadumu.

Wageni hao wanafuata mji uliokuwa na nguvu kuliko mingi ya pwani hii katika karne ya 13 na ya 14, pale masultani wake walipodhibiti biashara ya dhahabu iliyopitia Sofala, katika Msumbiji ya leo. Kilwa ilifua sarafu zake yenyewe za shaba, na chache kati ya hizo ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Namna zilivyofika huko ni jambo linalojadiliwa hadi sasa. Msafiri Ibn Battuta alipofika mwaka 1331, enzi ya Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, aliusifu mji kwa uzuri na mtawala wake kwa ukarimu. Msikiti Mkuu, ulioanza kujengwa katika karne ya 11 na kupanuliwa kwa kuba na nguzo katika karne ya 14, ungali umesimama. Husuni Kubwa, kasri lililo juu ya jabali linalotazama bahari, lina birika la pembe nane na vyumba zaidi ya mia moja, ingawa ujenzi wake haukukamilika. Mwaka 1505 Wareno waliuteka mji huo, na ustawi wake haukurudi katika kiwango cha awali.

Majengo hayo yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, vitu ambavyo mvua, mizizi na mawimbi huvila polepole. UNESCO iliiweka Kilwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kufikia mwaka 2004 hali ilikuwa imezorota kiasi cha magofu hayo kuhamishiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ilichukua miaka kumi ya ukarabati, kujenga kingo dhidi ya bahari na kupanda mikoko ufukweni kabla ya kuondolewa humo mwaka 2014. Ngome ya Gereza, ambayo sehemu yake ya mbele ilikwisha kubomolewa na mawimbi, ni ushahidi wa gharama ya kuchelewa. Kazi hiyo haina mwisho, na kila kundi la wageni linalopanda juu ya kuta kupiga picha huiongezea uzito.

Hapa ndipo tofauti kati ya mgeni wa saa chache na mgeni wa siku mbili inapojitokeza. Abiria wa meli hushuka, hutembezwa, kisha hurudi kulala na kula melini. Mgeni afikaye kwa barabara hulala Kilwa Masoko, huoga katika ufukwe wa Jimbizi, hula samaki wa hapo na hukodi mashua ya kumvusha. Akibaki siku ya pili, anaweza kufika Kilwa Kivinje yenye majengo ya enzi ya Wajerumani, au Songo Mnara, ambako maji yakitoka hulazimika kutembea majini kati ya mikoko. Ni huyu anayeacha fedha nyingi zaidi mikononi mwa manahodha, mama lishe na waongoza wageni.

Mgeni huyo lakini anategemea barabara moja, yenye urefu wa takriban kilomita 300 kutoka Dar es Salaam. Mwezi Mei 2024 Kimbunga Hidaya na mvua zilizoambatana nacho zilikata barabara hiyo eneo la Somanga, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikatengwa na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Serikali ilirejesha mawasiliano na kuanza kujenga madaraja imara zaidi. Kwa Kilwa, madaraja hayo ni miundombinu ya utalii sawa na gati lolote.

Wapo pia wakazi wa kisiwa chenyewe, wavuvi na wakulima ambao nyumba zao zimepakana na magofu. Wao ndio huona kwanza jiwe linapolegea baada ya masika, na ndio wanaokatazwa kulichukua kwa ujenzi. Mafundi wa chokaa waliofunzwa wakati wa ukarabati walitoka miongoni mwao. Sehemu ya mapato ya viingilio ikiwalipa mafundi hao mwaka mzima, si katika vipindi vya miradi pekee, ufa mdogo utazibwa kabla masika mengine hayajaingia.