Wakaguzi Wasiolipwa

Phyllis Omido wa Mombasa alipopewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015, alisifiwa kila kona kwa ushujaa wake, na alistahili. Ila sifa zikizidi huficha swali lenye aibu ndani yake: kwa nini raia alazimike kuwa shujaa ndipo moshi wa kiwanda upimwe? Kenya ina mamlaka ya mazingira, NEMA, ina wizara na maafisa wa afya wanaolipwa kwa kazi hiyohiyo. Hoja yangu ni kwamba wanaharakati wa mitaani na vijijini ndio wakaguzi wa kwanza wa mazingira yetu, nasi hulipa gharama kubwa kwa sababu tunawasikiliza baada ya madhara badala ya kabla ya kibali.

Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa aliokuwa akiutetea Omido, ni ushahidi tosha. Kando ya mtaa huo wa watu wapatao 3,000, kiwanda kilianza mwaka 2007 kuyeyusha betri kuukuu ili kutoa madini ya risasi. Sumu ya risasi ikiingia mwilini haionekani kwa macho, na wanaoumia zaidi ni watoto, kwa kuwa ubongo wao bado unakua. Wakazi walilalamika na kuandamana. Mwaka 2012 Omido alikamatwa, akashtakiwa kwa uchochezi, na mahakama ikamwachia huru. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na katika kugawa lawama haikuishia kwa mwenye kiwanda. Taasisi za serikali nazo zilibebeshwa fungu lao, kubwa zaidi likiwa la NEMA. Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipoanza alikuwa ametimiza miaka 17. Fedha hizo, kwa sehemu kubwa, ni za mlipa kodi, anayelipia kazi ambayo serikali ilishindwa kuifanya kwa wakati.

Linganisha na Lamu. Kampuni ya Amu Power ilikusudia kujenga Kwasasi mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, karibu na mji wa kale ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. NEMA ilitoa leseni mwaka 2016. Muungano wa Save Lamu ulikwenda kwenye Baraza la Rufaa la Mazingira, ambalo Juni 2019 liliifuta leseni hiyo, likisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tofauti na Owino Uhuru, hapa hakuna damu iliyopimwa sumu wala udongo wa kusafishwa, kwa kuwa pingamizi lilisikilizwa kabla ya mtambo kujengwa. Kilichopotea ni muda na ada za mawakili, ambazo si haba, lakini haziui.

Wapo watakaosema watu hawa wanapinga maendeleo na wanatumwa na wafadhili wa ng'ambo. Kuhusu fedha, tuulize basi kwa nini mtu wa Owino Uhuru au Lamu amtegemee mgeni ili apate wakili au maabara ya kupima damu. Kuhusu maendeleo, nenda Gazi, Kwale, ambako tangu 2013 wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wanalinda mikoko na kuuza hewa ya kaboni, na mapato yakaleta maji na kusaidia shule. Hiyo ni kazi ya kipato, si maandamano.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba jamii haina sauti moja. Kweli. Huko Lamu kwenyewe walikuwapo waliotaka ajira za mtambo, nao si wasaliti. Kijana asiye na kazi ana haki ya kupima mambo kivyake. Tena si kila anayejiita msemaji wa wananchi ametumwa nao. Lakini dawa ya hilo ni mkutano wa wazi wenye taarifa kamili, ambapo anayetaka mtambo na asiyeutaka wanabishana juu ya takwimu zilezile. Kwa sasa taarifa za tathmini ya athari kwa mazingira hutoka kwa Kiingereza, kurasa mamia kwa mamia, halafu mvuvi anatakiwa atoe maoni. Huko si kushirikishwa.

Katiba ya 2010, ibara ya 70, inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira bila kuthibitisha kwamba ameumia. Mlango huo ni mzuri, ila ni wa mwisho. NEMA na serikali za kaunti ziufungue wa kwanza: tathmini ya kila mradi mkubwa ifupishwe kwa Kiswahili, isomwe barazani kabla ya leseni kutolewa, na majibu ya maswali ya wakazi yaandikwe na kuambatishwa. Mwananchi naye akiitiwa baraza kama hilo, aende na maswali yake.