Santuri zimerudi: je, sisi tutazisemesha kwa mtambo gani?

Habari zitokazo ng'ambo zatwambia kwamba santuri, zile sahani nyeusi tulizodhani zimekwenda zake na wazee wake, zimerudi sokoni kwa kishindo. Nchini Marekani katika mwaka 2022 ziliuzwa santuri milioni 41, hali sidii zilizouzwa zilikuwa milioni 33. Jambo hilo la santuri kuzipita sidii lilikuwa halijaonekana huko tangu mwaka 1987. Na miongoni mwa wanunuzi wamo vijana ambao santuri zilipokuwa zikitamba wao hawajazaliwa.

Msomaji wa Mombasa, Lamu au Malindi aweza kuuliza: haya yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Soko likipanda huko, mkono wa mnunuzi hufika hata kwetu. Sauti za kina Juma Bhalo na Zein l'Abdin zilienea pwani hii kwa santuri ndogo za mizunguko 45, na duka la Assanand hapa Mombasa, kwa chapa yake ya Mzuri, lilikuwa miongoni mwa waliozitoa. Leo santuri hizo zasakwa na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani. Zatoka makabatini mwetu kwa bei ya shukrani, zaenda kutunzwa na watu ambao aghalabu hawafahamu hata ubeti mmoja wa yaliyomo. Nasi twaziuza kwa sababu moja nyepesi, kwamba hatuna cha kuzichezea.

Ndiyo maana nasema kuchagua mtambo wa kusikilizia santuri, katika wakati huu, si jambo la anasa wala la kuoneshana. Ni jambo la amana.

Mwezi uliopita alinijia binti ya marehemu kaka yangu. Baada ya kuniamkia na kuketi, alifungua kitambaa akatoa santuri moja, akaniwekea mapajani.

"Ami," alinambia, "hii ndiyo iliyokuwa ikipigwa siku ya harusi ya mama. Nimekuwa nikiicheza tangu Idi, na sasa yakwaruza kama mchanga."

Nikamuuliza aliichezea nini. Kumbe alinunua dukani kile kinanda kilichofungwa ndani ya mkoba kama wa safari, chenye spika zake humo humo. Vinanda vingi vya namna hiyo vina sindano ya bei ndogo inayokandamiza mfereji wa santuri kwa uzito wa gramu 5 au zaidi, na hali sindano nzuri ya sumaku hutosheka na gramu 2 hivi. Siku zote hizo mtoto alidhani anasikiliza, kumbe anapiga randa.

Kasha aliloachiwa na babake si la taarabu peke yake. Mna sahani za Qur'ani kwa sauti ya Sheikh Mahmud Khalil al-Husary, ambaye usomaji wake wa msahafu mzima ulitolewa Misri mwaka 1961. Mna pia sahani mbili nzito za mizunguko 78 za Siti binti Saad, aliyevuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 kwenda kutiwa sauti yake katika santuri. Nawajua ndugu zetu wasiosikiliza vinanda, nao wana hoja zao na nawaheshimu. Lakini hata wao, wakifungua kasha kama hili, watakuta mna lao.

Sasa binti huyu alitaka kununua amplifaya ya kisasa iliyo na kila kitu ndani yake: yapokea santuri, yapokea redio, yapokea sauti kutoka kwenye simu bila ya waya, na yasukuma spika mbili. Mtambo mmoja tu, ukae juu ya meza, waya zisitambae ukumbi mzima. Sikumlaumu, kwani nyumba zetu za Mji wa Kale ni nyembamba. Nilimwambia twende pamoja.

Mwenye duka alituanzia na wati. Huu una wati 50, huu 100, huu 200! Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Yafaa ijulikane kwamba kutoka wati 50 hadi 100 sikio haliongezewi maradufu ya sauti. Nyongeza ni desibeli 3 tu, ambazo mtu aweza hata asizitambue vyema. Kwa ukumbi wa kawaida wenye kuta za mawe, wati 30 au 40 zilizo safi zatosha, na jirani naye apate kulala.

La muhimu liko penginepo. Tulipokuwa chuoni, mwalimu wetu alitufunza kwamba hadithi hupimwa kwa wapokezi wake, mmoja baada ya mmoja. Wote waweza kuwa wakweli na wenye hifadhi, lakini akiwamo mmoja aliye dhaifu, sanadi nzima imedhoofika. Sauti ya santuri nayo ina wapokezi wake: sindano hupokea kutoka kwenye mfereji, amplifaya hupokea kutoka kwa sindano, spika hupokea kutoka kwa amplifaya. Na katika mitambo hii yenye kila kitu, mpokezi dhaifu hujificha pale mahali pa kuchomekea santuri.

Nieleze kwa nini. Sindano ya sumaku ya aina iliyoenea, ile iandikwayo kwa herufi MM, hutoa umeme mdogo mno, milivolti 3 hadi 5 hivi. Kicheza sidii hutoa kama volti 2, yaani zaidi ya mara 400 ya huo. Kwa hivyo sauti ya santuri yahitaji kukuzwa kwanza peke yake. Zaidi ya hayo, santuri inapokatwa kiwandani, sauti nene hupunguzwa ili mifereji isipanuke ikagongana, na sauti nyembamba huzidishwa ili zishinde mkwaruzo. Kipimo cha kupunguza na kuzidisha kilikubaliwa Marekani mwaka 1954, kisha kikaenea. Amplifaya ndiyo yenye kazi ya kurudisha kila sauti kwenye kiwango chake. Isipofanya hivyo, ngoma hazisikiki na udi unalia kama nyuki chupani.

Basi swali la kwanza la kumuuliza mwenye duka ni hili: je, mtambo huu una mlango wa santuri wenyewe, ulioandikwa MM, na kando yake msumari wa kufungia waya wa ardhi unaozuia mvumo? Kuna mitambo mingi mizuri ya sura isiyokuwa nao.

Swali la pili: sauti ya santuri yapita ikiwa kama ilivyo, au yageuzwa kwanza kuwa tarakimu? Baadhi ya mitambo hii huigeuza, kisha huirudisha. Ni kama barua iliyofasiriwa kwa Kiingereza halafu ikafasiriwa tena kwa Kiswahili. Wako wafasiri hodari, na kazi yao huweza kupendeza sana. Lakini mnunuzi ana haki ya kujua kwamba mfasiri yumo.

Swali la tatu: vipo vifundo vya kuongeza na kupunguza sauti nene na nyembamba? Wauzaji wa leo hujisifu kwa kuviondoa. Sisi twavihitaji, kwa sababu sahani za zamani kama za Siti zilikatwa kabla ya kipimo kile cha 1954, kila kampuni kwa desturi yake, na ni lazima mkono wa mtu uzitengeneze. Kadhalika sahani hizo zataka kinanda cha mizunguko 78 na sindano yake mbali, ambayo ncha yake ni nene mara tatu au zaidi kuliko ya santuri za baadaye. Ile nyembamba hutumbukia chini ya mfereji, ikakusanya vumbi badala ya sauti.

Mimi niliongeza la nne, nalo ni la watu wa pwani. Hewa yetu ni ya chumvi, na umeme wetu waweza kuruka wakati wowote. Mtambo wenye kila kitu una aibu moja, kwamba kiungo kimoja kikiharibika huenda vyote vikanyamaza. Heri ule wenye milango ya kawaida nyuma, ili sehemu ya santuri ikifa mtu aweze kuunganisha kisanduku kingine cha nje akaendelea. Na anunuaye uliotumika atazame volti: ya kwetu ni 240, ilhali ile mitambo iliyotengenezwa kwa matumizi ya Japani hutaka 100, na ukiichomeka hivi hivi utasikia harufu kabla ya sauti.

Binti alichagua mtambo wa wati 40, wenye mlango wa MM na vifundo vyake, usio na taa nyingi. Fedha zilizobaki akazitia kwenye kinanda chenye sindano nyepesi, na hapo alifanya la busara, kwani sindano ndiyo mpokezi wa kwanza.

Usiku ule tuliipiga ile santuri ya harusi. Udi ulitoka safi, ngoma zikatulia mahali pake, na mamake, aliyekuwa jikoni, akaja akasimama mlangoni. Lakini katika ubeti wa tatu, pale palipopigwa randa, maneno yalipotea ndani ya mkwaruzo. Mtambo mzuri hauwezi kurudisha kilichokwisha kufutwa.

Shemeji yangu hakungoja. Aliyatamka yale maneno yaliyopotea, kwa sauti ndogo, akitazama sakafu. Binti akainuka akaenda kutafuta kalamu.

Nawaomba wenzangu mlio na makasha kama hayo: msiyauze kabla ya kuyasikiliza, na msiyasikilize kwa kitu kitakachoyala. Wanaokumbuka maneno yaliyofutika bado wako nasi, lakini hawako wengi.