Wazazi, Kukumbuka Mengi Siko Kuwa na Akili Nyingi

Wazazi wa Kitengela, nanyi wa Ngong, Kiserian na Bisil, haraka hii ni ya nini? Mtoto hajatimiza miaka saba, tayari tunamtafutia mafunzo ya kunoa kumbukumbu: arudie tarakimu kinyumenyume, akumbuke picha za kwenye simu. Ada tunatoa, tukiamini kwamba akikumbuka mengi atakuwa na akili zaidi. Imani hiyo tuipime.

Mwaka 1980 wataalamu wa Marekani, Ericsson, Chase na Faloon, walieleza habari za mwanafunzi mmoja wa chuo aliyefanya mazoezi ya kukumbuka tarakimu kwa zaidi ya saa 200. Alianza na tarakimu 7, akafikia takribani 80. Ajabu kubwa! Lakini alipopewa herufi, alirudi kwenye 6. Alichopata ni mbinu ya tarakimu, si kichwa kipya. Mwaka 2008 Jaeggi na wenzake walitangaza kuwa mazoezi ya kumbukumbu huongeza uwezo wa kufikiri. Mwaka 2013 Redick na wenzake walipolichunguza jambo hilo kwa makini zaidi, hawakuliona ongezeko hilo.

Hapa kwetu, kijana wa Kajiado anayemtambua kila ng'ombe wa baba yake kwa rangi na mabaka ana kumbukumbu ya kustaajabisha, wala hatutarajii imfumbulie hesabu za sehemu.

Sikatai kukariri. Bila jedwali la kuzidisha mtoto atahangaika na hesabu. Ninachokataa ni kuuziwa kumbukumbu kwa jina la akili.

Atauliza mtu: kwani akili haiongezeki? Huongezeka, na ushahidi uko Embu. Watoto waliopimwa huko mwaka 1998 waliwapita mbali wale wa mwaka 1984 katika majaribio ya kufikiri. Watafiti walitaja sababu: wazazi waliosoma zaidi, familia zilizobadilika, lishe na afya bora. Tena, kuanzia mwaka 1998, wanafunzi wa shule 12 za huko waligawanywa: wengine wakapewa githeri yenye nyama, wengine yenye maziwa, wengine yenye mafuta, wengine wasipewe kitu. Waliokula nyama ndio walioendelea zaidi katika majaribio hayo.

Na usingizi je? Kanuni za elimu ya msingi za mwaka 2015 zinataka masomo ya kutwa yaanze saa mbili asubuhi, lakini watoto wetu wanangoja basi la shule gizani. Yaliyosomwa mchana hukaa kichwani mtoto akilala. Tukimkatizia usingizi ili akariri, tunatwanga maji kwenye kinu.

Basi kabla ya kulipia mafunzo hayo, mzazi, uliza: mwanangu amekula nini, amelala saa ngapi, na jana jioni nani alikaa naye, akasikiliza maswali yake? Nanyi wanakamati wa shule za Kajiado, mnaojua ukame unavyozikausha sufuria, chakula cha mchana kiwe ajenda ya kwanza ya mkutano wenu ujao.