Umeme Kichwani si Njia ya Mkato ya Elimu

Ubongo wa mwanadamu hufanya kazi kwa umeme. Kila wazo na kila tendo la mkono huambatana na mikondo midogo ya umeme ipitayo katika seli za neva. Kwa hiyo si ajabu kwamba wataalamu wamejiuliza kwa muda mrefu: je, umeme utokao nje waweza kuusaidia ubongo bila ya kulipasua fuvu? Jibu la leo ni kwamba waweza, lakini si kwa kila njia, wala si kwa kila jambo. Tofauti hiyo ndiyo ipasayo kufundishwa shuleni kabla wanafunzi hawajadanganywa na wauza mashine.

Njia ya kwanza hutumia sumaku. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba uga wa sumaku unaobadilika huzalisha umeme katika waya ulio karibu. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, waliitumia kanuni hiyo hiyo juu ya kichwa cha mtu. Waliweka koili juu ya sehemu ya ubongo iongozayo misuli, wakapitisha mkondo mkubwa kwa muda mfupi mno. Uga wa sumaku ukapenya fuvu, ukazalisha umeme ndani ya ubongo, na misuli ya mkono ikashtuka yenyewe. Hapakuwa na nafasi ya ubishi, kwa kuwa msuli ama hushtuka ama haushtuki. Baadaye, mwaka 2008, Marekani iliruhusu njia hii itumike kuwatibu watu wazima wenye sonona ambao hawakupata nafuu kwa dawa. Tiba hii haimponyi kila mgonjwa, na kwa nadra huweza kuleta mshtuko kama wa kifafa. Kwa sababu hiyo hufanywa chini ya uangalizi wa daktari.

Njia ya pili ni rahisi zaidi, na katika urahisi huo ndimo ilimo hatari. Elektrodi mbili hubandikwa kichwani, kisha mkondo dhaifu wa miliampea 1 au 2 hupitishwa kwa muda wa dakika 20 hivi. Sehemu kubwa ya mkondo huo hupotea katika ngozi na mfupa. Kiasi kidogo kifikacho kwenye ubongo hakiamshi seli. Huzifanya tu ziwe nyepesi au nzito kidogo kuamka. Kwa kuwa betri ya volti 9 yatosha kuutoa mkondo kama huo, vijana wengi wa Ulaya na Marekani wamejitengenezea vyombo hivi nyumbani, wakitumaini kuongeza akili.

Matumaini hayo hayana budi kupimwa. Katika jaribio la haki, baadhi ya watu hupewa mkondo halisi na wengine hupewa wa bandia, pasipo wao kujua. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya jaribio la namna hiyo lililofanywa Ujerumani kwa wagonjwa 160 wa sonona waliokuwa wakitumia dawa. Waliopewa mkondo halisi hawakupata nafuu zaidi ya wale waliopewa wa bandia. Majaribio mengine yamekuwa na matokeo mema zaidi, kwa hiyo utafiti hauna budi kuendelea. Lakini jambo ambalo bado lina ubishi miongoni mwa madaktari halifai kuuzwa kwa wanafunzi kama kwamba limethibitishwa.

Hata pale mkondo unaposaidia, huenda ukadai malipo. Mwaka 2013 Teresa Iuculano na Roi Cohen Kadosh wa Oxford waliwafundisha watu alama mpya za namba kwa siku 6. Waliopitishiwa mkondo sehemu ya nyuma ya ubongo walijifunza upesi zaidi, lakini walipungukiwa na wepesi wa kuyatumia waliyojifunza. Waliopitishiwa sehemu ya mbele waliona kinyume chake.

Wako wasemao kwamba kila mtu ana haki juu ya kichwa chake mwenyewe. Hoja hiyo yaweza kumfaa mtu mzima aliyeelezwa faida na hasara zote. Haimfai mwanafunzi ambaye ubongo wake ungali unakua, aliyesikia sifa tu, naye anaogopa mtihani.

Mwalimu wa fizikia anayo nafasi nzuri ya kuizuia hatari hii. Anapofundisha kanuni ya Faraday kwa koili na sumaku, na aeleze pia jinsi kanuni hiyo ilivyofika hospitalini, na kwa nini betri na nyaya za darasani zibaki mezani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na mwanafunzi ainamapo juu ya kitabu, ubongo wake hujizalishia umeme wa kumtosha.