Kiwanja 'jirani na SGR' Kilosa: bei unayotajiwa imetoka wapi?

Treni ya SGR ilianza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, na Kilosa ina stesheni yake kwenye reli hiyo. Tangu hapo, maneno "jirani na SGR" yamekuwa chumvi ya matangazo ya viwanja. Ukienda kusini hadi Mikumi, wimbo ni "karibu na hifadhi, barabarani kabisa."

Bei zinatajwa kwa kujiamini. Ila nani kazipima?

Bei ya dalali ni ile anayoitamani muuzaji. Iliyolipwa kweli ni habari nyingine. Na mtu anayetaka kuweka kiinua mgongo au mkopo wa Saccos kwenye ardhi anahitaji hiyo ya pili.

Takwimu zipo, ila hazijibu swali lako

Sensa ya 2022 ilihesabu majengo 14,348,372 nchi nzima. Safi, lakini haisemi kiwanja cha Kilosa mjini ni shilingi ngapi.

Benki Kuu na kampuni ya TMRC hutoa ripoti za mikopo ya nyumba kila robo mwaka. Tatizo ni kwamba Watanzania wengi hujenga kidogo kidogo kwa pesa ya mfukoni. Hao hawamo kwenye ripoti hizo.

Halafu kuna ile namba maarufu: upungufu wa nyumba milioni 3, na mahitaji mapya 200,000 kila mwaka. Imenukuliwa kwa zaidi ya miaka 10 bila kubadilika. Kama pengo linaongezeka, mbona bado ni milioni 3 zilezile? Ukiiona kwenye kipeperushi cha mradi, usiitumie kuamua lolote.

Mikumi nako, hesabu ya wageni wa hifadhi isikudanganye. Aliyeingia asubuhi na jioni akarudi zake Dar hajalala kwenye gesti yako.

Bei halisi utaipataje?

Mauzo yaliyokamilika kisheria huacha alama TRA na ofisi ya ardhi, na kijijini kwa mtendaji. Ila mwananchi wa kawaida hana orodha ya wazi ya kufungua kwenye simu akaona mtaa huu umeuzwaje. Kwa hiyo fanya hivi:

Badili swali. Usiulize "viwanja vinauzwaje?" Uliza "kipi kimeuzwa mwaka huu, na kililipiwa ngapi?" Waulize angalau watu watatu wasiokuuzia chochote.

Linganisha na halmashauri. Inapouza viwanja vilivyopimwa, hutangaza bei kwa mita ya mraba. Hicho ndo kipimo chako cha kwanza.

Jua aina ya ardhi. Ardhi ya kijiji ina sheria yake, Namba 5 ya mwaka 1999. Kulinganisha bei ya shamba la kijiji na kiwanja chenye hati mjini ni kulinganisha embe na nazi.

Uliza maji yalifika wapi. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, mto Mkondoa ulifurika Kilosa, ukabomoa nyumba na kuharibu reli. Kiwanja cha bei chee huenda kina sababu yake, na wazee wa mtaa wanaijua kuliko dalali.

Mlipe mthamini aliyesajiliwa. Taaluma hiyo ina sheria yake ya mwaka 2016. Ada yake inauma, ila kununua kwa bei ya kubuni kunauma zaidi.

Kinachokosekana

Serikali tayari inapokea taarifa za mauzo inapokusanya kodi. Ingeweza kutoa bei za wastani kwa kila kata bila kumtaja mtu.

Korosho ikiuzwa mnadani, bei ya kilo inatangazwa na nchi nzima inasikia. Ardhi inayomeza akiba ya maisha ya mtu, bei yake bado tunanong'onezwa.