Nyumba ya kupanga Uvira: tuulize maji kwanza

Wenye nyumba wengi hapa Uvira wanasifu rangi mpya, sementi na mtandao, halafu wanadai garanti ya miezi kadhaa. Mtandao ni muhimu: familia iliyohama inatafuta habari za ndugu kwa simu. Lakini mega tunanunua popote. Bomba la Regideso halinunuliwi dukani. Katika mji ambako kipindupindu hakiishi, bomba karibu na choo safi vinaokoa watoto. Tena, kabla ya kutoa garanti, tuulize majirani maji yalifika wapi mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020, na Ziwa Tanganyika lilipopanda mwaka 2024 likaingia majumbani. Nanyi wenye nyumba, punguzeni garanti. Choo kwanza, rangi baadaye.